Motokaa Iliyopungukiwa na Nguvu Mlimani

Mtu mwenye motokaa katika sehemu za Kabazi hawezi kwenda mbali bila ya kupanda mlima. Akienda Nyahururu hupanda. Akirudi kutoka bonde la Subukia hupanda. Na hata njia ndogo za mashambani, zinazopitisha maziwa na viazi hadi barabara kuu, hupanda na kushuka. Ndiyo sababu ila ya gari ijulikanayo upesi kuliko zote huku kwetu ni kukosa nguvu. Dereva hukanyaga mafuta mpaka chini, injini hunguruma, lakini gari hujikokota kama ng'ombe mgonjwa.

Somo hili hatuwaandikii mafundi. Twawaandikia wenye magari, ili wajue la kumwambia fundi, na wajue pia la kumkatalia. Maana ila hii ndiyo inayowatoa watu fedha nyingi bila faida. Mwenye gari huambiwa anunue plagi, hununua. Kesho huambiwa pampu, hununua. Kesho kutwa huambiwa injini imekwisha, na pengine kosa lote lilikuwa chujio la hewa lililojaa vumbi.

Tena si jambo la fedha peke yake. Tuseme gari lako likiwa zima hutumia sekunde 8 kuongeza mwendo kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80 ili kulipita lori. Katika muda huo wewe husafiri kama meta 133. Sasa limepungukiwa na nguvu, nalo hutumia sekunde 14 kwa kazi ile ile. Hapo utasafiri meta 233, yaani utakaa upande usio wako kwa meta 100 zaidi. Na gari linalokuja mbele yako kwa mwendo wa kilomita 80 halikungoji. Katika sekunde 6 hizo ulizozidisha limekwisha kukukaribia kwa meta 133 nyingine. Jumlisha, utaona ya kuwa ile nafasi uliyozoea kuitosheleza kwa macho imepungua kwa zaidi ya meta 230. Dereva aliyezoea gari lake huhesabu kwa mazoea, wala hajui ya kuwa hesabu yake imekwisha kuharibika. Yeyote anayeijua njia ya Salgaa na Sachangwan, upande wa pili wa Nakuru, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuangalie asili ya nguvu yenyewe. Watu husema gari linakula petroli, na ni kweli, lakini petroli ni sehemu ndogo ya chakula chake. Ili kuunguza kilo moja ya petroli, injini huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Ukihesabu kwa kipimo cha ujazo, lita moja ya petroli hutaka zaidi ya lita 9,000 za hewa ya pwani. Kwa hiyo injini ni pampu ya hewa kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na mtu anayetafuta sababu ya udhaifu wake hana budi kuanza kwa kuuliza: Je, hewa inaingia ya kutosha? Je, inatoka bila kuzuiliwa?

Na hapa pana jambo ambalo watu wa nchi za juu hupaswa kulifahamu vema. Mji wa Nakuru uko kiasi cha meta 1,850 juu ya bahari, na Nyahururu uko karibu meta 2,360. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Kila mama wa nyumbani aliyehama kutoka Mombasa kuja Nyahururu amekwisha kuliona jambo hili jikoni mwake: maharagwe hayaivi upesi, kwa sababu maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Uzito wa hewa unaokandamiza maji ya sufuria ni ule ule unaoisukuma hewa kuingia katika silinda za injini. Nakuru hewa ina kiasi cha asilimia 80 ya kani iliyo nayo pwani, na Nyahururu kiasi cha asilimia 75. Basi injini ya kawaida iliyotengenezwa kutoa nguvu za farasi 100 pale bandarini, itatoa kama 80 tu Nakuru, na hupungua tena kidogo ukipanda kwenda Nyahururu. Hapana fundi awezaye kuzirudisha zile 20 kwa spana. Injini yenye tabo, yaani ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, hupoteza kidogo tu, kwa kuwa haingoji hewa ije yenyewe.

Ikiwa basi umenunua gari Mombasa, ukalipenda kwa wepesi wake, kisha ukaliona zito ulipofika Kabazi, usikimbilie gereji. Mwulize jirani mwenye gari la aina hiyo hiyo akuruhusu ujaribu lake. Yakiwa sawa, gari lako ni zima; ni hewa ndiyo iliyopungua. Magari ya zamani yenye kabureta hupatwa na taabu nyingine pia, kwa kuwa kabureta huendelea kumimina petroli kwa kipimo cha pwani ijapokuwa hewa ni haba. Moshi huwa mweusi na plagi hujaa masizi. Dawa yake ni kufungiwa jeti ndogo zaidi. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayopima hewa na kupunguza mafuta yenyewe, kwa hiyo hayasumbuki kwa jambo hilo.

Tukijua hayo, twende kwenye ila za kweli. Swali la kwanza ambalo fundi mwema huuliza, kabla ya kufungua boneti, ni hili: Nguvu zilipotea kwa ghafula au kidogo kidogo? Kilichopotea kwa siku moja mara nyingi ni waya, koili, paipu iliyochomoka, au mafuta mabaya yaliyotiwa jana. Kilichopungua kwa miezi mara nyingi ni chujio, plagi zilizolika, bomba la moshi linaloziba, au uchakavu wa injini. Swali la pili ni kama injini yenyewe inapandisha sauti ukikanyaga mafuta. Ikiwa inapaa kwa sauti lakini gari haliongezi mwendo, basi injini haina kosa. Nguvu inapotea njiani kati ya injini na magurudumu. Mtu asiyetofautisha mambo haya mawili aweza kubadilisha plagi mwaka mzima.

Tuanze na hilo la njiani, maana ni rahisi kulipima. Gari la gia za mkono huenda klachi yake inateleza. Lisimamishe mahali tambarare pasipo mtu mbele, vuta breki ya mkono barabara, kanyaga na breki ya mguu, tia gia ya tatu, kisha achia klachi polepole huku injini ikizunguka kwa utulivu. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna lililotokea, klachi imekwisha. Usirudie jaribio hili mara nyingi, kwa kuwa ukifanya hivyo utaimalizia. Kwa gari la gia za kujiendesha, angalia kwanza kipimo cha mafuta ya giaboksi na rangi yake. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, mpelekee fundi wa giaboksi, si fundi wa injini.

Kisha breki. Breki iliyoganda huvuta gari nyuma kama mtu aliyeshika mkia wa punda. Endesha kilomita chache bila kutumia breki mno, simama, kisha pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na moto kuliko wenzake, ndilo lenye ila. Huku kwetu kwenye matope waya ya breki ya mkono hupata kutu, nayo hukataa kurudi. Na wale wenye pikapu waliofunga matairi makubwa ili wapite katika tope wajue ya kuwa wamelifanya gari lao kuwa na gia ndefu zaidi: kila mzunguko wa gurudumu sasa ni safari ndefu kuliko alivyokusudia mtengenezaji, na injini lazima ivute kwa taabu. Hiyo si ila, bali ni bei ya matairi yale.

Ikiwa ni injini yenyewe inayokataa kupanda, anza na vitu visivyo na gharama. Tazama kama zulia la chini limejikunja nyuma ya kikanyagio cha mafuta. Tumeona jambo dogo kama hilo likitafutwa kwa siku mbili. Katika magari ya waya, zima injini, mwambie mtu akanyage mpaka chini, nawe utazame kama kile kifuniko cha hewa kinafunguka chote. Waya iliyolegea hukinyima robo ya mwendo wake.

Baada ya hapo, chujio la hewa. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano za kale, na Menengai iliyo juu ya mji wa Nakuru ni mojawapo. Udongo wake mwingi una majivu laini kama unga wa muhogo. Katika mashindano ya magari ya Safari, ambayo yalianza mwaka 1953 na kurudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021 huko Naivasha, vumbi hili ni adui mkubwa hata kwa magari yenye thamani kubwa sana, na ndiyo sababu hufungwa bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa juu ili yasinywe maji wala vumbi. Kitabu cha gari lako pengine kinasema chujio libadilishwe kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Kitabu hicho kiliandikwa kwa barabara za lami. Kwa gari linalopita njia za mashamba wakati wa kiangazi, lifungue kila mwezi. Lishike mbele ya jua: usipoona mwanga ukipita katika mikunjo yake, limeziba. Kuligonga-gonga husaidia kidogo, lakini kulipuliza kwa upepo mkali wa pampu huweza kulitoboa, na chujio lililotoboka ni baya kuliko lililoziba, kwa sababu vumbi litaingia moja kwa moja na kuzisaga silinda. Wala usikubali kuendesha bila chujio kwa kuwa gari limekuwa jepesi. Litakuwa jepesi kwa muda mfupi tu.

Petroli ndiyo inayofuata. Gari linaloenda vema mahali tambarare, kisha likafa nguvu mlimani kama mtu aliyebanwa koo, halafu likapumzika na kuendelea tena, mara nyingi linanyimwa mafuta: chujio la petroli limeziba au pampu imechoka. Kuna jaribio moja lisilo na gharama hata senti. Likianza kukwama, simama, zima injini, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia mfyonzo mkubwa wa hewa kuingia, na gari likapata nguvu baadaye, tundu la kupumulia la tangi limeziba; pampu ilikuwa inavuta mafuta katika chombo kisichoingiwa na hewa.

Mafuta yenyewe huenda yakawa mabaya. Nchini Kenya ilikuwa desturi ya wafanya biashara wengine kuchanganya mafuta ya taa na petroli au dizeli kwa sababu ya tofauti ya bei, hata Serikali ikaweka ushuru maalum wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Petroli iliyochanganywa hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na utasikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe unapopanda mlima. Kompyuta ya gari ikiusikia mlio huo huchelewesha cheche ili kuiokoa injini, na nguvu hupungua. Maji nayo huingia katika tangi kutoka katika madebe yaliyowekwa ovyo. Toa kiasi kidogo cha petroli, kitie katika chupa nyeupe, kiache kitulie. Maji yatakaa chini na mpaka wake utaonekana waziwazi.

Fanya kazi hiyo nje, mchana, mbali na jiko, sigara na taa ya moto. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka huko Sachangwan. Watu wakakusanyika kuteka petroli, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia mitaroni, na huufuata moto ulio mbali na mahali ulipomwagika. Hata kikombe kimoja kinatosha kumuunguza fundi aliye chini ya gari.

Sasa cheche. Injini iliyokosa silinda moja kati ya nne hutetemeka, na dereva huhisi kama gari linachechemea. Zamani mafundi walikuwa wakichomoa waya za plagi moja moja huku injini ikizunguka, na ile ambayo ikichomolewa injini haibadiliki ndiyo yenye ila. Katika magari ya sasa haifai kufanya hivyo. Umeme wake ni mkali, koili huweza kuharibika, na petroli isiyoungua huingia katika bomba la moshi na kuleta hasara tutakayoieleza. Iko njia bora zaidi. Magari mengi yaliyomo barabarani ni yale yaliyotoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, kwa kuwa sheria ya Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka minane, nayo huwa na tundu la kuchomekea mashine ya kusoma makosa. Tuseme mashine imeonyesha P0302. Maana yake silinda ya pili haiungui sawasawa. Haisemi kwa nini. Basi ichukue koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Futa kosa, endesha, soma tena. Ikiwa sasa yasema P0303, kosa limeifuata koili, na koili ndiyo ya kununua. Ikiwa bado yasema P0302, iache koili, ufanye vivyo hivyo na plagi. Kwa njia hii umepata jibu bila kununua kitu.

Twasisitiza jambo hili kwa sababu mashine ile imewafanya watu wengine waache kufikiri. Yasomeka P0171, yaani mafuta ni haba kwa kulinganisha na hewa, na sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa habari. Mara mwenye gari anaambiwa anunue sensa ya oksijeni. Lakini sensa ile imefanya kazi yake. Imetoa habari ya kweli! Kinachotakiwa ni kutafuta hewa inayoingia kwa wizi katika paipu iliyopasuka, au kipima-hewa kilichochafuka, au pampu dhaifu. Mashine ni shahidi, si hakimu.

Tulisema ya kuwa hewa sharti itoke pia. Katika bomba la moshi la magari ya siku hizi kuna katalitiki, kitu chenye matundu madogo mengi kama sega la nyuki, kazi yake kuondoa sumu katika moshi. Silinda isiyoungua ikipeleka petroli mbichi humo, petroli huwaka ndani yake, sega huyeyuka, na njia huziba. Dalili zake ni za kipekee: gari huondoka vizuri kidogo, kisha kadiri unavyokanyaga ndivyo linavyozidi kusongwa, sakafu hupata moto, na mlio wa moshi nyuma huwa mnyonge. Fundi aliye na kipimo huitoa sensa ya oksijeni ya mbele na kufunga geji mahali pake ili asome kani ya moshi. Kani ikiwa kubwa, pameziba. Wengine huitoboa katalitiki kwa nondo na kusema kazi imekwisha. Gari hupata nguvu, ndiyo, lakini sumu yote huingia mapafuni mwa watu wanaotembea kando ya barabara, na ile silinda iliyoleta msiba bado haijatengenezwa. Anayefunga katalitiki mpya bila kuitengeneza silinda ile, huinunua ili iyeyuke tena.

Rangi ya moshi husaidia pia. Mweusi ni petroli nyingi au hewa haba. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia katika silinda, na hapo usiendelee kuendesha.

Magari ya dizeli yana tabia zake. Dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo yote ni hewa na mafuta. Likitoa moshi mweusi mwingi mlimani na halina nguvu, limekosa hewa: angalia chujio, kisha paipu za mpira zitokazo katika tabo, maana zikipasuka hewa iliyosukumwa hupotea na utasikia mlio wa filimbi au wa kupumua. Likikosa nguvu bila moshi, limekosa mafuta: toa maji katika chujio la dizeli, na tafuta paipu inayoingiza hewa.

Ikiwa yote haya yamekaguliwa na udhaifu ungali pale, ndipo ifikiriwe injini yenyewe, na kipimo chake ni kompresheni. Plagi zote hutolewa, umeme wa koili na wa mafuta hukatwa, betri huwa imejaa, kikanyagio cha mafuta hukanyagwa mpaka chini, na injini huzungushwa kwa stata mara tano au sita huku geji ikiwa katika tundu la plagi. Kikanyagio kisipokanyagwa, kipimo hudanganya, kwa kuwa hewa haikuingia. Mwombe fundi aketi mwenzake ndani ya gari kwa kazi hiyo. Andika hesabu ya kila silinda.

Hapa ndipo watu wa Kabazi na Nakuru huweza kudhulumiwa bila mtu kukusudia. Kitabu cha injini huandika kompresheni ya usawa wa bahari. Tuseme kinasema 180. Nakuru, ambako hewa ni asilimia 80 tu, injini ile ile iliyo mpya kabisa itaonyesha kiasi cha 140 na kitu. Fundi asiyejua jambo hili huisoma geji, huifungua kurasa ya kitabu, na kumwambia mwenye gari kwa moyo safi kabisa kwamba injini yake imekufa. Mwenye gari huuza ng'ombe akanunue injini nyingine, nayo ikifungwa, gari hupanda mlima vile vile. Basi usitazame ukubwa wa hesabu peke yake, bali tazama kama silinda zinalingana. Zote zikiwa 140, 145, 138 na 142, injini ni nzima kwa nchi hii. Zikiwa 140, 142, 85 na 139, ile ya tatu ina ugonjwa. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu kabisa.

Ukiipata iliyo chini, tia kijiko cha oili katika tundu la plagi yake upime tena. Hesabu ikipanda sana, ringi za pistoni zimelika, kwa sababu oili imeziba nafasi zao kwa muda. Isipopanda, tatizo liko juu: valvu hazikai vema, au gasketi ya silinda-hedi imeungua. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi kati yao. Na zote nne zikiwa chini kwa usawa, chini sana kuliko inavyoelezwa na kimo cha nchi, fundi aangalie kwanza kama mkanda wa taimingi au cheni yake imeruka jino, maana injini nzuri ikiwa na valvu zinazofunguka kwa saa isiyo yake huonekana kama kongwe. Kuurudisha mkanda mahali pake ni kazi ya siku moja.

Mwenye gari aliye na daftari hupata faida katika mambo haya yote. Siku gari likiwa zima, chagua sehemu moja ya barabara iliyonyooka isiyo na watu, mwe wawili, mmoja ashike saa. Pima sekunde zinazohitajika kutoka kilomita 40 hadi 70 kwa gia ya tatu, likiwa halina mzigo, uandike pamoja na tarehe. Rudia baada ya kila miezi mitatu mahali pale pale. Sekunde mbili au tatu zikizidi, utaziona katika daftari kabla hujaziona nyuma ya lori la viazi kwenye mlima wa Subukia, na utakapomfikia fundi utakuwa na hesabu ya kumwonyesha.